Anyesi na Kijidudu cha Kilema

Kwenye kile kituo kidogo cha kupima udongo pale Moshi, mtu aliyeijua kazi alikuwa mmoja tu, na hakuwa Daktari. Alikuwa Anyesi. Daktari mwenyewe, Elifuraha, alikuwa msomi kwelikweli, vyeti vya Ulaya vimejaa ukutani, lakini mpe kisahani apandikize vijidudu, kesho asubuhi utakuta kimeota ukungu wa kila rangi. Anyesi alikuwa na mkono. Alikishika kile kitanzi cha waya, akakipitisha kwenye moto wa spiriti, akachora mistari juu ya kisahani, na baada ya siku tatu vijidudu vimejipanga kimoja kimoja, kila kimoja na eneo lake. Cheti chake kilikuwa cha fundi sanifu wa maabara, cha mwaka sabini na nane, na mshahara wake ulikuwa wa kuchekesha kama si wa kuliza.

Na miaka hiyo ya tisini, jamani, nani hakulia? Viwanda pale chini vilikuwa vinafungwa au vinauzwa, watu wazima wanapewa barua ya kupunguzwa kazini na kuambiwa wakajiajiri. Kahawa ilikuwa imekufa bei. Kule Kilema, mlimani, kwa Anyesi, mumewe Antoni aliamka kila siku akazunguka kihamba chake, shamba la kahawa na migomba la nyumbani, anatazama buni zinavyokauka mtini kwa ugonjwa wa chulebuni, kisha anarudi kukaa. Dawa ya kupigia alikuwa hana. Nyumba nzima, mama mkwe akiwamo, ililishwa na ule mshahara wa kuchekesha.

Kituo kilikuwa na watu wanne tu: Daktari, Anyesi, mlinzi mmoja mzee, na Priska. Priska ndiye aliyeosha vyombo vya maabara. Alikuwa mjane kutoka Singida, mumewe alimleta huku kufuata kazi ya kukata miwa mashambani, akafa akamwachia watoto watatu na chumba cha kupanga mtaa wa Njoro. Alikuwa mwanamke wa mzaha, anaimba huku anasugua visahani. Kila Januari ilikuja tetesi kwamba mwaka huu kituo kinafungwa, na kila Januari Priska aliacha kuimba mpaka tetesi ipite.

Sasa, mwaka tisini na mbili Daktari akapata wafadhili. Wazo lake lilikuwa hili: huko juu kwenye udongo wa msitu, ambako hakuna mtu aliyewahi kupiga dawa wala kutia mbolea, lazima kuna kijidudu kinachoweza kuushinda ule ukungu wa chulebuni. Kitafutwe, kitambuliwe, kipewe jina. Wafadhili wakatoa gari lililochoka, kabati la joto la kuoteshea vijidudu, na ahadi kwamba wakiona matunda watazidisha.

Siku ya kwanza ya kupanda, Daktari aliishia mwisho wa barabara. Goti lake lilikuwa bovu tangu ujana, na njia ya msitu wa Kilema haitaki mtu wa goti bovu. Akabaki kwenye gari na redio yake. Anyesi akapanda na mzee Ndelilio, aliyeajiriwa kibarua cha kuonyesha njia. Usidhani alikuwa mzee wa maneno ya busara. Ndelilio alikuwa mbishi, mwepesi wa kutukana, anasimama kila baada ya nusu saa kuvuta ugoro, na kibuyu chake cha mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, hakikumtoka begani. Walipofika penye shimo la kwanza, Anyesi akainama na kijiko chake kilichochemshwa. Mzee akamdaka mkono.

“We mama, unafanya nini?”

“Nachimba, babu.”

“Unachimba hivi hivi? Mtu akiingia jikoni kwako akachota tu, hata hodi hakupiga, utamwitaje?”

Akafungua kibuyu, akanywa mafunda mawili ya kwake, kisha akamimina kidogo pale chini penye majani yaliyooza. Akawataja watu kwa Kichagga, majina ya zamani, mengine Anyesi aliyasikia kwa bibi yake mwenyewe. Alipomaliza akafuta mdomo akasema haya, chimba sasa.

Anyesi hakuona ajabu. Alikuwa Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, misa ya Jumapili hakosi, lakini hata kwa baba yake mbege haikunywewa kabla ya tone kuanguka chini. Kwake hilo halikuwa jambo. Ni kama kuvua kofia ukiingia kanisani, na nani anaandika mahali kwamba leo nimevua kofia? Tena alikuwapo Padri, ambaye hakupenda habari za kuwamwagia wafu pombe, kwa hiyo ukinyamaza umejiokoa na maneno. Daftari la sampuli lilikuwa na safu saba, na ya mwisho iliuliza kama mahali pa kuchimba paliwekwa kitu chochote kabla: mbolea, dawa au kinginecho. Hapo Anyesi, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, akaandika: hakuna.

Mwezi wa tatu kijidudu kikajitokeza. Kilikuwa cheupe, kingo zake hazikunyooka, na ukikifunua kisahani kinatoa harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Daktari alinusa, akaandika “harufu tamu ya matunda”. Anyesi alinusa asiseme kitu, maana kwake hiyo haikuwa harufu. Alikuwa amezaliwa ndani yake, amelelewa ndani yake, ameolewa ndani yake. Mgeni yeyote kutoka mbali angeshtuka hapo hapo na kuuliza. Bahati mbaya mgeni hakuwapo.

Wakaanza kukitambua. Kazi hiyo, kama hujawahi kuiona, ni kumhoji kiumbe asiye na mdomo. Anyesi alikipaka rangi akakitazama kwa hadubini: vijiti vifupi, vinene, viwili viwili. Akakipa sukari za aina kumi na mbili aone ipi kinakula na ipi kinakataa. Akakiweka kwenye joto, kwenye baridi, kwenye chumvi. Akakinyima hewa, nacho kikaendelea kuishi bila wasiwasi. Mgao wa umeme ukaja, kabati la joto likawa linazimika mchana kutwa, naye akavifunga vile vichupa kwenye kitambaa akavifunga tumboni chini ya sweta, akashinda navyo hivyo. Kila jibu aliloliona akaliandika. Kisha wakafungua lile buku nene la kutambulia bakteria, wakafuata maswali yake moja baada ya jingine, ndiyo, hapana, ndiyo, mpaka wakafika mahali njia imekatika. Hapakuwa na jina.

“Mama Denis,” Daktari akamwambia Anyesi, akimwita kwa jina la mwanawe, “huyu hana kwao. Huyu ni spishi mpya.”

Priska alikuwa mlangoni na beseni lake. “Kumbe tumepata mtoto!” akasema. Tangu siku hiyo kijidudu kikaitwa mtoto, na kila asubuhi Priska akiingia anauliza mtoto ameamkaje.

Lakini huwezi kusema spishi mpya kwa kuona mara moja. Daktari alitaka ushahidi kwamba mtoto ni wa msitu kweli. Basi wakachimba, miaka mitano, sehemu baada ya sehemu. Sampuli za msituni zilifika sitini na mbili, na kati ya hizo hamsini na nane zilikuwa na mtoto. Sampuli za mashambani, kwenye migomba na kahawa, zilikuwa arobaini, na hakuna hata moja iliyokuwa naye. Daktari alichora ramani, msitu kaupaka kijani, mashamba kayaacha meupe. Aliitazama ramani hiyo mpaka machozi yakamlengalenga. Hakuna mtu angeweza kuomba ushahidi safi kuliko huo. Na ni kweli ulikuwa safi, maana shambani unachimba tu, ni kwenu, humwombi mtu ruhusa. Ni msituni peke yake ambako Anyesi hakuthubutu kuingiza kijiko kabla ya kumimina.

Mzee Ndelilio alifariki mwaka tisini na nne, kifua. Anyesi akanunua kibuyu kidogo, akawa anamimina mwenyewe, na kwenye yale majina akaongeza la Ndelilio. Mbege aliipata kwa mama mkwe wake, Magdalena, aliyepika nzuri kuliko wote pale kijijini. Na kwenye daftari akaendelea kuandika hakuna, hakuna, hakuna.

Mwishoni mwa mwaka tisini na sita Daktari akakipeleka kijidudu Ulaya, kwenye chuo kimoja kinachohifadhi bakteria wa dunia nzima, ili kilinganishwe na wenzake na visomwe vinasaba vyake. Wakati huo mambo yalikuwa yamefika shingoni. Barua kutoka Dar ilisema wazi kwamba kituo kimo kwenye orodha ya vitakavyofungwa Juni. Wafadhili nao walisema wazi: spishi mpya ikithibitishwa, wanakichukua kituo chote kwa miaka mitano zaidi, mishahara ya wote wanne. Isipothibitishwa, kwaheri. Kwa hiyo kazi ya watu wanne, na vinywa vilivyo nyuma yao, vilining'inia kwa mtoto. Priska aliacha mzaha. Akiingia asubuhi aliuliza neno moja tu: “Imekuja?”

Ilikuja Februari, barua ya chuo. Daktari aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi. Kijidudu, walisema, hakifanani na spishi yoyote yenye jina katika hifadhi yao. Jirani zake wa karibu ni bakteria wanaochachusha vinywaji vitamu huko nchi za joto, jambo lililowashangaza kwa kiumbe wa udongo wa msitu. Kabla ya kuendelea walikuwa na fomu ya kujaza, na kwenye fomu swali moja walilipigia mstari: je, mahali sampuli zilipochimbwa palimwagiwa au kuwekwa kitu chochote chenye sukari au kilichochachuka?

“Hakuna,” Daktari akasema huku anacheka kwa furaha. “Nani apeleke soda msituni? Jaza, Mama Denis, andika hakuna, nitie sahihi.”

Anyesi akaichukua fomu. Mkono, ule mkono wake, ukakataa kushika kalamu vizuri. Akasema kichwa kinamuuma, ataijaza Jumatatu.

Jumamosi alipofika kwake Kilema, Magdalena alikuwa anapika mbege ya kipaimara cha mjukuu. Ndizi zilizochemshwa juzi zimeshageuka kwenye pipa, povu linapanda, na harufu imeijaza nyumba. Anyesi akasimama mlangoni na kikapu mkononi. Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na mitatu ya maisha yake, akaisikia.

“Kulikoni, mbona umesimama kama mgeni?” Magdalena akauliza.

“Hakuna kitu, mama. Naomba kidogo niende nayo kazini.”

“Unywe kazini?”

“Niitazame tu.”

Jumatatu akaipandikiza kwenye visahani vitatu. Hakumwambia mtu. Jumatano asubuhi, kabla Daktari hajafika, akafungua kabati la joto. Walikuwa mle. Weupe, kingo hazikunyooka, wawili wawili chini ya hadubini. Akawapa zile sukari kumi na mbili, na kufika jioni wakawa wamekula zile zile na kukataa zile zile. Yesu na Maria! Alikaa kwenye kiti cha maabara, akawa anasikia Priska anasuuza vichupa chumba cha pili.

Lilibaki jaribio moja, nalo ndilo aliloliogopa kuliko yote. Alhamisi akaomba ruhusa, akapanda msituni peke yake bila kibuyu. Mvua ilikuwa inanyesha. Alichimba mashimo kumi, kando kidogo ya yale ya zamani, na kila shimo aliona haya kama mwizi aliyekamatwa bustanini. Kwenye shimo la nne akalia. Akasema kwa sauti, “Nisamehe babu Ndelilio, leo sikuja na kitu, nataka kujua tu.” Aliteleza mara mbili, akashuka matope mpaka kiunoni. Jumapili, badala ya misa, alikwenda kufungua visahani kumi. Kulikuwa na vijidudu vya kila namna, vya njano, vya kijivu, vya waridi. Mtoto hakuwamo hata kwenye kimoja.

Alimweleza Daktari Jumatatu. Mimi nadhani hakuna siku Daktari Elifuraha alizeeka kama siku hiyo.

“Pombe,” akasema. “Miaka mitano mnanimwagia pombe kwenye sampuli zangu.”

“Ni desturi, Daktari. Sikufikiri kama ni kitu.”

“Hukufikiri! Safu nzima nimekuwekea kwenye daftari, imeandikwa kinginecho, na wewe unaandika hakuna. Mara ngapi?”

“Sitini na mbili.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Hukuwahi kupanda, Daktari. Ungepanda hata mara moja ungeona.”

Hilo lilimchoma. Alikwenda dirishani, akasimama na lile goti lake. Alikuwa Mlutheri wa Machame, pombe haijawahi kumgusa mdomo, baba yake mwinjilisti. Mbege kwake ilikuwa kitu cha kupita mbali. Aliporudi alifunga mlango na sauti ikawa ya chini.

“Nani mwingine anajua?”

“Mimi na marehemu.”

“Basi anajua marehemu, na marehemu hasemi.” Akaketi karibu naye. “Mama Denis, nisikilize. Kijidudu ni kipya, kwa hilo hujadanganya. Hakina jina popote. Kimetoka kwenye shimo au kwenye kibuyu, ni kipya. Sisi tunataka nini? Tunataka kituo kiishi. Juni iko pale. Andika hakuna, kama ulivyozoea, halafu tutafute njia ya kusahihisha baadaye, taratibu, mishahara ikiwa inaingia.”

“Na mtu akija kumtafuta mtoto msituni?”

“Nani atakuja? Nani amewahi kuja?”

Anyesi akaikunja fomu akatoka nayo. Alibaki na fomu siku tatu. Nyumbani alimtazama Antoni anazunguka kihamba. Kazini alimtazama Priska, aliyekuwa amepungua mpaka kitambaa cha kichwa kinamteleza. Ijumaa Priska alimfuata kwenye sinki akamshika kiwiko. “Dada, nasikia imekuja na ni nzuri. Juzi juzi Daktari alikuwa anacheka mwenyewe. Niambie tu ni kweli, nimwambie mwenye nyumba asubiri.”

“Bado,” Anyesi akasema. “Bado kidogo.”

Mchana huo akaijaza. Kwenye lile swali akaandika: Ndiyo. Pombe ya ndizi, kila shimo la msituni, kabla ya kuchimba. Akaongeza matokeo ya visahani vya mbege na ya mashimo kumi, yote kwa utaratibu wake. Akaichanganya fomu katikati ya karatasi nyingine za kutiwa sahihi, na Daktari, ambaye miaka yote alitia sahihi kazi ya Anyesi bila kuisoma, akatia.

Kwa nini alifanya hivyo? Wako wanaosema ni uaminifu. Uaminifu ulikuwapo, sikatai. Lakini mimi naona palikuwa na kiburi pia, kiburi cha fundi. Yale majaribio ya mwisho yalikuwa kazi bora aliyowahi kufanya maishani, kayafanya peke yake bila Daktari, na hakuweza kuvumilia yafe kwenye droo. Mwenyewe, alipoulizwa baadaye, alisema tu kwamba kalamu haikukubali neno lile tena. Alifanya kitu cha haki na akakifanya kwa kumzunguka mtu aliyemwamini, ndivyo ilivyokuwa.

Jibu lilikuja Aprili, fupi, lenye shukrani nyingi. Walimsifu aliyefanya majaribio yale. Kwa kuwa sasa ilikuwa wazi kwamba kijidudu ni cha pombe ya ndizi na si cha msitu, walikilinganisha na kingine walicholetewa mwezi mmoja kabla na watafiti wa nchi ya jirani, waliokitoa kwenye pombe ya ndizi ya kwao. Vilikuwa kitu kimoja. Jina lilishapendekezwa na hao wengine. Kwa hiyo wa Kilema haukuwa ugunduzi mpya, na faili wamelifunga.

Daktari hakupiga kelele. Aliiweka barua mezani mbele ya Anyesi, akaivuta kwa kidole mpaka ikamgusa mkono. “Ungenyamaza wiki sita tu,” akasema. “Fedha zingekuwa zimeshatiwa sahihi.” Mwezi wa tano alikuwa ameshapata kazi Botswana, kwenye chuo, mshahara mara saba. Wasomi wana mahali pa kuangukia.

Siku ya mwisho, kwa kanuni za maabara, kila kilicho hai lazima kiuawe. Anyesi alivipanga vichupa kwenye jungu la mvuke, safu juu ya safu, miaka mitano yote, akafunga kifuniko na kuwasha. Priska alisubiri kando na beseni, kwa sababu vikishapoa ni yeye wa kuviosha, maana mtu aliyekuwa anakuja kuchukua vifaa alivitaka vikiwa safi. Priska alikuwa ameshaambiwa na mlinzi nani aliandika nini. Aliviosha vyote, mia tatu na arobaini, akavipanga juu ya kitambaa, akavua aproni na kutoka bila kuaga.

Anyesi alikaa Kilema miezi miwili. Waliuza mbuzi, wakauza baiskeli. Antoni hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Usingizi ukampotea, na aliyemjia kila akifumba macho hakuwa Daktari, alikuwa Priska na kitambaa chake kinachoteleza. Mwishowe Magdalena, aliyekuwa anamwona anavyokonda, akamwambia kama umemkosea mtu si uende, njia unaijua.

Njia aliijua. Kwa Wachagga, ukimkosea mtu sana, unachuma jani la isale, ule mmea unaopandwa mipakani na makaburini, unampelekea. Akilipokea jani, hawezi tena kukushikia kinyongo, hata kama ulimwaga damu ya ndugu yake. Na Anyesi alivyofundishwa na bibi yake, jani hulipeleki pamoja na kapu la chakula. Ukienda na kapu ni kama umekwenda kununua msamaha. Unakwenda mikono mitupu, jani peke yake, unaaibika. Basi akachagua jani refu, la kijani kibichi, lisilo na doa, akalifunika kwa kanga asubuhi na mapema akashuka Moshi.

Alimkuta Priska huko Njoro, mlangoni kwake, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Watoto wawili wamelala ndani mchana kweupe, wa tatu anakwangua sufuria kavu kwa kijiko. Anyesi akapiga magoti palepale uani, majirani wanatazama, akalitoa jani akalinyoosha kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

Priska akalipokea. Akaligeuza upande mmoja, akaligeuza wa pili, akalinusa. Uso wake haukuwa na hasira yoyote.

“Ni mboga ya kwenu hii?” akauliza. “Inapikwaje?”

“Haipikwi, Priska.”

“Haipikwi?”

“Ni ya kuomba msamaha. Kwetu mtu akiletewa hili...” Akamweleza. Alieleza vibaya, mila yote ya bibi yake inatoka vipande vipande mbele ya mwanamke wa Singida ambaye hajawahi kuisikia hata siku moja. Priska akamsikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja kwenye bega la mtoto.

“Haya, dada,” akasema upesi. “Kama ni hilo, nimekusamehe. Inuka, watu wanatuangalia.” Akalilaza jani juu ya paja, akaegemea mbele, akatazama kwenye kanga ya Anyesi, kisha nyuma yake, kisha kule njiani alikotokea. “Una unga?”

“Sikuja na kitu,” Anyesi akasema.